Kigoda cha Lawama

Ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu, na asiyeniamini aende mwenyewe Stareheni, mpaka uko wazi. Njia ya kufikia huko sitaieleza, ni ndefu na inachosha, na siku hizi msafiri hakuulizi njia, anakuuliza chakula. Chakula kipo. Kinakuja mezani chenyewe, na kijiko kinakuja chenyewe mpaka mdomoni. Ukifumba mdomo kinasubiri.

Mimi ni mshonaji wa Tanga. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi na sanda, na kidole gumba changu cha kulia kina sugu ambayo hata marehemu mume wangu alikuwa akiitania. Aliyenipeleka Stareheni ni mpwa wangu mmoja aliyesoma sana. "Shangazi," aliniambia, "nenda kaone dunia inakokwenda, halafu uje uniambie kama bado utataka kukaa kwenye cherehani." Nikaenda, nimerudi, na sasa namwambia yeye na kila mwenye masikio.

Mpakani hawakuniomba pasi. Waliniomba mikono. Askari alipoiona ile sugu aliwaita wenzake, wakainama wote kuitazama, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama inauma. Nikamwambia haiumi mwanangu, hiyo ndiyo inayozuia sindano isiniume. Wakatazamana. Kisha wakanipa glavu nyeupe nivae kila nitakapokuwa mbele za watu, hasa mbele ya watoto, na wakanisomea Sheria ya Mikono, ambayo ni fupi: mtu yeyote asifanye kwa mkono wake jambo linaloweza kufanywa na mashine.

"Na akifanya?" niliuliza.

"Anapumzishwa," askari akajibu.

Nilidhani ni jambo jema. Baadaye nilielezwa kwamba anayepumzishwa hupelekwa katika nyumba nyeupe nje ya mji. Huko analazwa, analishwa, anageuzwa ubavu kwa wakati wake, na hakuna anayeruhusiwa kumsalimu tena. Hakuna maumivu yoyote, walinihakikishia. Nilipouliza hukaa huko mpaka lini, walinishangaa.

Nilipangiwa kukaa kwa Bwana Tamimu na mkewe Mwanahawa, kwa sababu wageni huwekwa kwa watu wenye vigoda. Njiani kwenda kwao watu wazima walinisimamisha kwa adabu na kuniuliza, "Unalaumiwa wapi, bi mkubwa?" Mara ya kwanza nilikasirika. Niliona huu sasa ni utovu wa heshima, sijamaliza hata siku moja nimekwisha kutiwa hatiani. Lakini kumbe ndiyo salamu yao. Nilisikia mtu akimjibu mwenzake, "Nalaumiwa bandarini, namshukuru Mungu," na mwanamke mmoja akilalamika kwamba mwanawe amehitimu chuo mwaka juzi na bado hajapata pa kulaumiwa, anashinda nyumbani tu, na wenye mabinti hawamtaki.

Bwana Tamimu alinifafanulia mambo tulipokuwa tukilishwa chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kuyatazama maneno yake kabla hajayatoa.

"Zamani mashine zilipoanza zilikuwa zinakosea mara moja moja," alisema. "Daraja linafunguka watu wakiwa juu yake. Mgonjwa anapewa dawa siyo. Watu wanataka wa kumlaumu. Mwenye mashine anasema siyo mimi, ni aliyeiunda. Aliyeiunda anasema siyo mimi, ni aliyeinunua. Mashine yenyewe utaifanya nini? Haina hata mama wa kumlilia. Basi serikali ikaona kumbe hapa ndipo ajira ilipo."

"Kwa hiyo kazi yako hasa ni nini?"

"Nakaa."

"Unakaa ukifanya nini?"

"Nakaa karibu, bi mkubwa. Likitokea la kutokea, mimi ndiye niliyelifanya."

Ukutani palikuwa na kibao cha shaba alichotunukiwa alipokuwa kwenye kinu cha unga. Kinu kiliwahi kusaga unga pamoja na sumu ya panya, mtaa mzima ukaugua, na Tamimu akanyolewa kichwa akasimama sokoni kutwa nzima akilia. Mwanahawa alikifuta kibao kwa macho, maana kwa mkono haruhusiwi. "Alilia vizuri sana siku ile," aliniambia. "Watu walirudi makwao wameridhika." Ndiyo maana alipandishwa cheo, akapewa kigoda cha Josho.

Kwetu josho ni la ng'ombe, wanaingizwa humo ili kupe wafe. Wao wameliita hivyo kwa fahari kabisa. Ni jumba la kioo katikati ya mji ambamo watoto wachanga wote wa Stareheni huogeshwa na mashine. Mama anafika na mtoto wake, anamvua nguo, anamlaza kwenye kitanda cha mpira, na kitanda kinateremka chenyewe majini. Mama anayeogesha mtoto kwa mikono yake anapumzishwa, na mtoto anapewa mama mwingine. Niliuliza kama sheria hiyo imewahi kutumika. Mwanahawa akasema haijatumika tangu azaliwe, kwa sababu hakuna mwanamke anayejua namna ya kuogesha.

Nilimwomba Tamimu anichukue nikaone. Nilikaa nyuma ya kioo pamoja na wageni wengine. Yeye alikaa kwenye kigoda chake pembeni ya birika la kuogeshea, mikono mapajani. Watoto walikuwa wakiteremka na kupanda, na kusema kweli ilikuwa kazi safi, siwezi kuwaonea. Kisha akaja mama mmoja kijana aitwaye Raya, na mwanawe ambaye hata shingo haijakaza. Akamlaza. Kitanda kikaanza kuteremka.

Mvuke niliuona mimi kabla ya mtu yeyote, nadhani, kwa sababu wenzangu hawakujua mvuke ni kitu cha kutazama. Raya mwenyewe alikuwa akitabasamu. Nikapiga kioo kwa viganja, na hakuna aliyegeuka. Kisha Tamimu akasimama. Alisimama taratibu, akatazama maji, akatazama mikono yake, na nikaona anavyohangaika moyoni. Halafu akatumbukiza mkono wa kulia mpaka juu ya kifundo, kabla mgongo wa mtoto haujagusa maji, akamnyanyua. Mtoto alitoka mkavu, akaanza kulia kwa njaa. Mkono wa Tamimu ulitoka mwekundu na ngozi imelegea.

Akina mama waliokuwa kwenye foleni waliziba macho ya watoto wao wakubwa wasione mtu anafanya kazi.

Walimshtaki kwa makosa mawili. La kwanza ni kufanya kazi hadharani. La pili, ambalo ndilo zito, ni kuisingizia mashine. Nilijitolea kuwa shahidi, nikaulizwa nalaumiwa wapi, nikasema silaumiwi popote, nikaambiwa mtu asiye na lawama hawezi kuaminiwa mahakamani. Nikaruhusiwa kusikiliza.

Jaji alikuwa Mheshimiwa Burhani, mzee msomi mwenye sauti ya kubembeleza. Mashine ilikuwa na wakili wake, Bwana Shaweji. Tamimu hakuwa na wakili, kwa sababu mlaumiwa akitetewa atakuwa hafanyi kazi yake. Alisimama mkono umefungwa kitambaa, na Mwanahawa alikaa mbele kabisa akiwa amejifunika ushungi mpaka machoni.

"Maji yalikuwa ya moto?" Bwana Shaweji akaanza.

"Yalikuwa ya moto."

"Mtoto aliungua?"

"Hakuungua."

"Sasa moto huo ulimwunguza nani?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaogeshwa?"

Watu wakacheka, na jaji naye akacheka kidogo. Tamimu akanyanyua mkono wake uliofungwa, akasema huu hapa, tazameni. Bwana Shaweji akautazama kwa makini, mtu mwenye haki kabisa, akasema mkono huo unathibitisha kwamba mkono uliingia majini. Hauthibitishi kwamba mtoto angeungua. Mkono siyo mtoto. Labda mashine ilikuwa karibu kuyapoza maji. Labda ilikuwa na mpango wake. Mshtakiwa hakuipa nafasi, na sasa anataka taifa zima liamini kosa ambalo halikutokea.

"Ungeacha litokee," jaji akamwambia Tamimu kwa upole, "leo ungekuwa hapa kwa heshima. Ungelaumiwa, ungepewa mwaka mmoja wa aibu na marupurupu yake, ungerudi kwenye kigoda chako. Nani aliyekutuma?"

"Hakuna, mheshimiwa. Mkono ulikwenda."

Pakawa na mjadala mrefu. Wazee wa mahakama walibishana kama kosa lililozuiwa ni kosa au si kosa. Mmoja alisema halipo, mwingine akasema lipo lakini halina mwenyewe. Nimekaa vikao vingi vya harusi na mirathi katika maisha yangu, nimesikia upuuzi wa kila namna, lakini pale kila mtu alikuwa akisema upuuzi kwa Kiswahili kizuri na kwa nia njema, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwisho Mheshimiwa Burhani akapata ufumbuzi. Alisema haki ni lazima itendeke kwa pande zote. Tatizo la kesi hii ni kwamba tukio halikukamilika. Basi likamilishwe. Mtoto yuleyule arudishwe kwenye Josho, maji yaachwe kama yalivyokuwa, na mashine ipewe nafasi ya kumaliza. Mtoto akiungua, Tamimu hakusingizia, ataachiwa, na lawama ya kuungua atabebeshwa kwa utaratibu wa kawaida. Asipoungua, ana hatia.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema huyu jaji ana akili.

Nikamtafuta Raya. Alikuwa amekaa na mtoto kifuani, ananyonya. Jaji akamwuliza kama ana pingamizi. Akamtazama Tamimu, akatazama chini. "Kama sheria inasema," akajibu. Niliinuka. Nilitaka kuwaambia kwamba wote hawa ni wendawazimu, na kwamba nyumbani kwetu hata mlevi wa kilabuni asingehitaji kikao kujua maji ya moto ni nini. Karani akanigusa bega. "Starehe, bi mkubwa," akasema, nikakalishwa.

Ndipo Tamimu alipoomba kusema.

"Mheshimiwa," alisema, "maji yalikuwa baridi."

Akanyanyua tena ule mkono uliofungwa.

"Mkono huu niliuunguza mwenyewe nyumbani, asubuhi, kabla sijatoka. Nilikuwa na hamu. Nimekaa kwenye vigoda tangu ujana wangu, nikasema walau siku moja mkono wangu ufanye kitu. Nikamnyanyua mtoto wa watu bila sababu. Mashine haina kosa. Mtoto asirudishwe, hakuna cha kupima."

Alikuwa anadanganya na kila mtu anayetaka kujua alijua. Lakini ile hamu haikuwa uongo. Aliitaja huku anamtazama mtoto. Mwanahawa akainamisha kichwa mpaka magotini.

Mheshimiwa Burhani alifurahi waziwazi. Alimsifu mshtakiwa kwa kubeba lawama kwa ukamilifu ambao mahakama haijapata kuuona, akasema vijana wajifunze kwake. Kisha akamhukumu kupumzishwa maisha. Na kwa kuwa mshtakiwa amekiri, akaongeza, hakuna haja ya kuikagua mashine.

Walimchukua palepale. Alipopita karibu yangu nilimsalimu kwa sauti, "Bwana Tamimu, Mungu akulipe," na karani akaniambia nisirudie. Tamimu akaendelea kutembea. Alikuwa ameubana ule mkono ulioungua kifuani, anaushika kwa mwingine.

Mwanahawa alipewa mpaka kesho yake awe ameihama nyumba. Alikaa chini ya kibao cha shaba, hakulia. "Kwa nini hakuacha tu?" aliniuliza. "Mtoto wa watu, hata hatumjui. Angeacha aungue tungelaumiwa vizuri, mwaka mmoja tu, angerudi. Mimi sasa nani atanisalimu?" Nilimkasirikia. Kisha nikamwonea huruma, nikamshika mkono, ulikuwa laini kupita kiasi, na hakujua aushike vipi wa kwangu. Kisha nikamkasirikia tena.

Alasiri hiyo Raya alikuja kunitafuta. Alifunga mlango nyuma yake, akaketi karibu nami na mtoto wake.

"Bibi," alisema, "kwenu watoto wanaoga na nani?"

"Na mama zao. Au bibi zao."

"Na mama anajuaje maji yamepoa?"

Nilivua zile glavu. Palikuwa na bakuli la maji ya kunawa, yametoka moto mezani. Nikapandisha mkono wa gauni, nikamwonyesha. "Unatumbukiza kiwiko," nikamwambia. "Siyo vidole, vidole vinadanganya, vimezoea. Kiwiko. Kikistahimili, na mtoto atastahimili. Kisipostahimili, unangoja au unaongeza ya baridi. Basi. Hakuna elimu nyingine."

Akajaribu. Akatoa kiwiko haraka, akashtuka, akacheka. Tukangoja, akajaribu tena, na mara hii akakiacha humo muda mrefu huku machozi yanamtoka. Nilimwambia akae na mtoto nyumbani, amwogeshe mwenyewe kwenye bakuli, mlango ukiwa umefungwa.

"Hiyo ni kazi, bibi," akasema.

"Ni kazi, ndiyo."

"Wakinikamata atapewa mwingine. Huyo mwingine atampeleka Josho." Akamfunga mtoto vizuri, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nikaondoka Stareheni. Njia ya kwenda mpakani inapita mbele ya lile jumba la kioo, na siku hiyo milango ilikuwa wazi. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kwa sababu kesi ilikuwa imeirudishia mashine heshima yake. Kigodani palikuwa na mlaumiwa mpya, mtu mzima mwenye mvi, aliyekingoja kigoda maisha yake yote, nikasikia jana yake jamaa zake walimfanyia karamu. Mikono yake ilikuwa imetiwa ndani ya mifuko ya kitambaa, na mifuko imeshonwa kwenye magoti ya suruali. Ni sheria mpya, kwa ajili ya usalama wa watoto. Ushonaji wenyewe ulikuwa wa mashine, na nakiri ulikuwa mzuri.

Raya alikuwa kwenye foleni, karibu kufika. Mkono mmoja wa gauni lake ulikuwa umepandishwa juu ya kiwiko.

Nikaingia ndani nikasimama. Zamu yake ilipofika aliinama kana kwamba anambusu mtoto, na kiwiko kikaingia majini. Kikatoka mara moja. Akanitazama, uso umempauka, na mimi nikadhani sasa atasema, atawageukia wenzake walio nyuma yake awaambie. Akamrudisha mtoto kifuani. "Ana homa kidogo," akamwambia mlinzi. "Leo hataoga." Akatoka mbio mbio bila kumtazama mtu.

Mama aliyefuata akasogea mbele na mtoto wake.

"Maji yanachemka," nikasema. Nikasema tena kwa sauti ya kusikika jumba zima, kwamba maji yanachemka, wayatazame, wayaguse, Mungu awasamehe, wayaguse tu. Walinigeukia wote kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa watu. Nikavua glavu nikamshika yule mama mkono, naye akatazama sugu yangu akajivuta nyuma, na mlinzi akaingia katikati yetu akaanza kunisogeza mlangoni.

Yule mwenye mvi kigodani ndiye aliyenihurumia zaidi. Alinitabasamia kwa wema, mikono yake imetulia ndani ya mifuko.

"Starehe, bibi," akaniambia. "Mimi nipo hapa. Nitalaumiwa mimi."

Yule mama akamshukuru, akaanza kumvua mtoto nguo.